Almasi ya pinki ya Mwadui kwenye bruchi ya Malkia Elizabeth: karati 30 zilipotelea wapi, na kito sasa ni cha nani?

#1 Ngokolo_Line

Wakuu, salaam.

Kuna lile ua la almasi alilokuwa akivaa Malkia Elizabeth II begani, lenye kito cha pinki katikati. Kito hicho ni cha Mwadui, Shinyanga. Kilitoka ardhini Oktoba 1947 kikiwa ghafi cha karati 54.5. Dk. John Williamson, Mkanada mwenye mgodi, akampa Elizabeth kiwe zawadi ya harusi ya Novemba mwaka huohuo. London wakakikata, kikabaki karati 23.6. Mwaka 1953 Cartier wakakitengenezea bruchi.

Maswali yangu matatu:

1. Karati 30 na ushei zilienda wapi? Nani alibaki nazo?
2. Ile "Williamson Pink" iliyouzwa Hong Kong mwaka 2022 kwa dola milioni 57 ndiyo hiyohiyo? Kama ndiyo, nani aliiuza?
3. Hivi sasa mmiliki ni familia, ni serikali ya Uingereza, au ni nani?

Msimamo wangu naueleza mapema ili nisionekane nauliza kwa unafiki: tumepigwa.

#2 mtu_wa_pembeni

Nimeweka kahawa. Nafuatilia.

#3 Kito_Ghafi

Mkuu, hiyo ya Hong Kong iweke kando kabisa. Iliyouzwa Oktoba 2022 ni karati 11.15, jina lake Williamson Pink Star. Ilikatwa kutoka almasi ghafi ya karati 32.32 iliyochimbwa Mwadui miaka ya karibuni, na ghafi hiyo iliuzwa Novemba 2021 kwa dola milioni 13.8. Jina wamelichanganya makusudi: "Williamson" kwa heshima ya hiki kito cha Malkia, na "Pink Star" ni almasi nyingine ya karati 59.60 iliyouzwa mwaka 2017 kwa dola milioni 71.2.

Kwa hiyo cha Malkia hakijauzwa. Kilicholeta kelele kwa hiki cha Hong Kong ni bei ya karati moja: gawanya 57.7 kwa 11.15, unapata zaidi ya dola milioni 5 kwa karati, yaani kwa robo gramu isiyofika.

#4 Mama_Ntilie_wa_Vito

Dola milioni 5 kwa gramu 0.2. Na mimi napima dagaa kwa kilo 😂

#5 Jicho_la_Sonara

Swali la kwanza la mleta uzi lina jibu, na haliko kwenye wizi.

Karati moja ni gramu 0.2. Ghafi ya karati 54.5 ni gramu 10.9. Kito cha 23.6 ni gramu 4.72. Kilichobaki ni asilimia 43. Kwa mtu wa nje inaonekana hasara, ila kwa almasi ya duara hicho ni kiwango cha kawaida. Linganisheni na hiyo aliyoitaja Kito_Ghafi: 32.32 ikawa 11.15, sawa na asilimia 34 na nusu, pamoja na mashine zote za leza na ramani za kompyuta za leo. Wazee wa 1948 walibakiza zaidi.

Uzito unapotea hivi:

Kwanza wananoa "dirisha" dogo kwenye ngozi ya jiwe ili kuona ndani pana nini: ufa, doa jeusi, mvutano. Wanaweka alama kwa wino. Halafu msumeno. Msumeno wa almasi enzi hizo ni kisahani chembamba sana cha shaba yenye fosforasi, kimepakwa unga wa almasi na mafuta ya zeituni. Jiwe kubwa linaweza kukaa kwenye msumeno siku nyingi, na njia yote ya msumeno inageuka unga.

Pili ni kulifanya liwe duara. Hapo unasugua almasi kwa almasi kwenye mashine ya kuzungusha. Pembe zote zinaliwa. Hatua hii nayo inakula uzito.

Tatu ni kunoa nyuso kwenye sahani ya chuma cha kusubu inayozunguka kama mara 3,000 kwa dakika, nayo imepakwa unga na mafuta. Almasi ina uelekeo kama mbao. Ukinoa uelekeo mbaya hailiki, inaharibu sahani na inapata joto. Duara la kawaida lina nyuso 57 au 58, na kila moja lazima utafute uelekeo wake.

Unga hautupwi. Unakusanywa, unasafishwa kwa asidi, unarudi kwenye sahani kunoa almasi nyingine. Kwa hiyo mkuu Ngokolo, karati zako 30 huenda zilimalizikia kunolea vito vya watu wengine.

#6 Ngokolo_Line

Nimekuelewa upande wa ufundi. Ila bruchi ile ina almasi ndogo zaidi ya 200. Hizo si ndizo zilizotokana na mabaki?

#7 Kito_Ghafi

Haiwezekani. Ndogo ni nyeupe, jiwe mama ni la pinki. Ziko 203: 170 za duara, 12 za mstatili, 21 za umbo la mtumbwi. Zile za mstatili ndizo zimepangwa kwenye kikonyo cha ua. Nazo pia zilitolewa na Williamson, kwa mafungu mengine. Mchoraji wa bruchi ni Frederick Mew wa Cartier London.

Waliokata jiwe kubwa ni Briefel and Lemer, karakana ya Clerkenwell, London. Tarehe 10 Machi 1948 Elizabeth na bibi yake, Malkia Mary, walikwenda kuangalia kazi ikiendelea. Hili halikufanyika gizani.

#8 Pwani_Mchana

@Jicho_la_Sonara hesabu yako ina tundu. Kama walipitisha msumeno, basi jiwe lilitoka vipande viwili. Kipande cha juu hakigeuki unga chote; kinakatwa kito kidogo. Ghafi yenye umbo la piramidi mbili zilizogeuziana vitako hukatwa hivyo mara nyingi: kubwa moja, ndogo moja. Kwa hiyo hapa kuna pinki ndogo ambayo haisemwi.

#9 Jicho_la_Sonara

Hiyo ni kweli ikiwa ghafi ilikuwa na umbo hilo. Ghafi iliyobonyea au yenye umbo la kokoto haihitaji msumeno, unaanza moja kwa moja kusugua. Hapo hakuna kipande cha pili. Wewe umeanza na umbo usilolijua, ukafika kwenye kito usichokiona.

#10 Pwani_Mchana

Na wewe umeanza na umbo usilolijua ukafika kwenye unga. Tuko sare.

#11 mtu_wa_pembeni

😂😂 Kahawa ya pili.

#12 Bi_Zumaridi

Nina swali kwa mafundi. Siku hizi almasi zenye rangi hazikatwi duara. Ukiangalia minada, pinki ni umbo la mto wa kulalia, la tone, au la mstatili wenye nyuso nyingi. Kwa nini hii waliikata duara?

#13 Jicho_la_Sonara

Dada swali zuri. Duara limebuniwa kurudisha mwanga mweupe. Mwanga unaingia, unapiga chini mara mbili, unatoka haraka. Safari yake ndani ya jiwe ni fupi, kwa hiyo rangi inaonekana nyepesi. Umbo la mto na mstatili hurefusha safari ya mwanga ndani, rangi inakolea. Juu ya hapo vinabakiza uzito zaidi. Fundi wa leo akipewa ghafi ya pinki, duara ni chaguo la mwisho.

Mwaka 1948 soko halikuwa na mazoea hayo. Duara ndiyo ilikuwa kipimo cha kazi bora. Nadhani ni mtindo tu.

#14 Kito_Ghafi

Mimi naona ni bruchi. Ua linataka kitovu cha duara.

#15 Bi_Zumaridi

Ila kito kilikatwa 1948 na ua likaja 1953. Kitovu kilitangulia ua.

#16 Pwani_Mchana

Au jiwe lenyewe lilikuwa limekolea kiasi cha kutohitaji msaada. Ikiwa rangi imetosha, duara halidhuru. Kuna uwezekano wa nne pia: kasoro zilikuwa pembeni, na ukishakata pembe umebaki na duara hata kama hukulipanga.

#17 Geo_wa_Kishapu

Mmeongelea rangi, ngoja niongeze chanzo chake, maana humu nishawahi kusoma eti ni manganizi. Si kweli. Pinki ya almasi kwa sehemu kubwa haitokani na uchafu wa kemikali. Almasi ya bluu ina boroni, ya njano ina naitrojeni, hizo ni sawa. Pinki hutokea jiwe likiwa chini sana ardhini, likabanwa na kusukumwa hadi tabaka za atomi zake zikateleza. Mtelezo huo ndio unaonyonya mwanga wa kijani, unabaki pinki.

Kuna kundi dogo ambalo pinki yake inatokana na tundu moja la atomi lililokaa jirani na naitrojeni. Hizo huwa nyepesi na safi. Mawe mengi ya pinki ya Mwadui yanasifiwa kwa usafi, tofauti na ya mgodi wa Argyle, Australia, ambayo yalikuwa na mistari na ukahawia. Argyle ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 90 ya pinki za dunia hadi ilipofungwa Novemba 2020. Ndiyo sababu jina la Mwadui limepanda bei ghafla.

Jambo jingine la mgodini. Almasi hizi safi zisizo na naitrojeni nyingi haziwaki vizuri chini ya eksirei. Mashine za kuchambua zinategemea jiwe liwake ndipo hewa ilipulize kando. Jiwe lisipowaka linapita na mchanga kwenda kwenye kifusi. Meza za zamani za grisi hazikuwa na tatizo hilo: maji yanasukuma mchanga, almasi haipendi maji ila inanata kwenye grisi. Kila baada ya muda grisi inakwanguliwa, inachemshwa, almasi zinabaki chini. Kwa teknolojia ya 1947, jiwe la pinki lilikuwa na nafasi nzuri ya kunaswa kuliko kwenye mashine zilizokuja baadaye.

#18 Mama_Ntilie_wa_Vito

Sasa mbona hadithi ninayoijua ni kwamba liliokotwa na mtoto akicheza chini ya mbuyu?

#19 Geo_wa_Kishapu

Hiyo ipo, na ipo ya mbuyu bila mtoto, na ya gari lililokwama matopeni likazungusha tairi jiwe likaruka. Hizo mbili za mwisho zinasimuliwa juu ya ugunduzi wa mgodi wenyewe, mwaka 1940, si juu ya jiwe la pinki. Watu wanazichanganya. Bomba la Mwadui, yaani mwamba wa volkeno wenye almasi, ni hekta 146 juu ya ardhi, ni kubwa mno, na mvua za maelfu ya miaka zimesomba changarawe yake kila upande. Kuokota jiwe juu ya ardhi si muujiza. Ila kwa miaka hiyo mgodi tayari ulikuwa na mtambo.

#20 Haki_ya_Ardhi

Wakuu mmejificha kwenye ufundi. Swali ni moja: Williamson alipata wapi haki ya kugawa mali ya Tanganyika?

#21 Mwanasheria_Mstaafu

Kaka, tuanze na sheria ya wakati ule. Madini ardhini yalikuwa chini ya mamlaka ya dola ya kikoloni. Mwenye leseni akichimba na kulipa mrabaha, jiwe linakuwa lake. Hapo anaweza kuliuza, kulificha, au kumpa mtu. Kwa karatasi, kilikuwa kitu chake. Kama karatasi hizo zilikuwa na haki juu ya ardhi ya Wasukuma, hilo ni swali jingine na halijibiwi na risiti ya mrabaha.

Pia kuna siasa. Miaka hiyohiyo Williamson alikuwa akivutana na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, juu ya bei na mgao wa mauzo. Alitaka mgodi wake ujulikane kwa jina lake. Zawadi kwa mrithi wa kiti cha ufalme, mwezi ambao magazeti yote ya dunia yako London, si tangazo dogo.

#22 Pwani_Mchana

Mimi sikubali ya tangazo. Mtu yule alijulikana kwa kujitenga. Wanaotaka matangazo hawaishi Mwadui.

#23 Mwanasheria_Mstaafu

Aliishi Mwadui ndiko kulikokuwa na almasi. Amekufa Januari 1958 akiwa na miaka 50, na mwaka huohuo ndugu zake wakauza: nusu De Beers, nusu serikali ya Tanganyika. Alichokikataa akiwa hai kilifanyika hata mwaka haujaisha.

#24 Haki_ya_Ardhi

Na swali la tatu la mleta uzi? Ni cha nani leo?

#25 Mwanasheria_Mstaafu

Watu husema "vito vya Malkia" kana kwamba ni kapu moja, kumbe kuna mafungu.

Fungu la kwanza ni vito vya Taji, vile vya Mnara wa London: taji za kutawazwa, fimbo, tufe. Mtawala anavishika kwa niaba ya dola. Hawezi kuuza. Cullinan I na II, zilizokatwa kutoka ile almasi kubwa ya Afrika Kusini, ziko hapo.

Fungu la pili ni vya urithi wa kiti. Malkia Victoria, aliyefariki 1901, aliacha baadhi ya vito vyake "kwa Taji", maana yake kila mtawala avitumie na kumwachia anayefuata.

La tatu ni mali binafsi: zawadi, manunuzi, urithi wa bibi. Hapa ndipo wengi wanaiweka bruchi ya Mwadui, kwa sababu alipewa akiwa bado si Malkia, tena na mtu binafsi. Na tangu makubaliano ya 1993, kinachotoka kwa mtawala kwenda kwa mtawala hakitozwi kodi ya mirathi. Kwa hiyo njia ya akili ni kumwachia mfalme kila kitu, yeye ndiye awakopeshe mabinti na wakwe. Wosia wenyewe hufungwa na mahakama, hausomwi.

#26 Bi_Zumaridi

Kufungwa kwa wosia kulianza na zumaridi! Prince Francis wa Teck, kaka yake Malkia Mary, alifariki 1910. Inasemekana zumaridi za familia alikuwa amemwachia hawara. Wosia wake ukawa wa kwanza wa kifalme kufungwa na mahakama. Malkia Mary akahakikisha mawe yamerudi, na hizo ndizo zumaridi za Cambridge. Asili yake, bibi yao alizishinda kwenye bahati nasibu ya hisani huko Frankfurt mwaka 1818.

#27 Mama_Ntilie_wa_Vito

Bahati nasibu! Na sisi tunashinda vocha ya mia tano.

#28 Kito_Ghafi

Mzee Mwanasheria, hayo mafungu yana mifano ya kuvurugika. Hanover, ufalme wa Ujerumani. Uingereza na Hanover zilikuwa na mfalme mmoja hadi 1837. Zilipotengana, mfalme wa Hanover akadai vito vya Malkia Charlotte, mke wa George III, akisema ni vya ukoo wao. Kesi ikaburuzwa miaka 20. Januari 1858 Victoria akaamriwa avitoe, na akavitoa. Garrard, masonara wa kifalme, wakang'oa mawe 28 kwenye nishani na mpini wa upanga, wakamtengenezea mkufu mpya na hereni. Mkufu huo una mawe 25 na kidani cha Lahore cha karati 22.48, na ndio huvaliwa kutawazwa. Kwa hiyo vito vimewahi kudaiwa na vikarudishwa, ila mdai alikuwa mfalme mwenzao.

#29 Haki_ya_Ardhi

Sentensi yako ya mwisho ingetosha kuwa uzi mzima.

Na wakati huohuo wamekalia Koh-i-Noor, almasi iliyotoka India, na ile kubwa ya Afrika Kusini ya karati 3,600.

#30 Jicho_la_Sonara

Hiyo ni Cullinan, karati 3,106 mkuu, ambayo ni gramu 621. Ilipatikana 26 Januari 1905 mgodi wa Premier. Na haikuchukuliwa kwa njia moja na Koh-i-Noor. Ukizichanganya unadhoofisha hoja yako mwenyewe.

Koh-i-Noor ilitolewa kwa kifungu cha mkataba wa 1849, baada ya vita, na aliyetia saini ni Maharaja Duleep Singh, mtoto wa miaka 10. Cullinan ilinunuliwa na serikali ya Transvaal mwaka 1907 kwa pauni 150,000 ikapewa Edward VII siku yake ya kuzaliwa, miaka mitano tu baada ya vita ya Makaburu. Ya Mwadui ni mtu mmoja na leseni yake. Ni milango mitatu tofauti.

Kwa hasara ya kukata, maana uzi ulianzia hapo: Koh-i-Noor ilikatwa upya London 1852 na mafundi wa Uholanzi, siku 38, gharama pauni 8,000, ikashuka kutoka 186 hadi 105.6. Cullinan ilipasuliwa Amsterdam na akina Asscher Februari 1908. Vito vikubwa tisa vilivyotoka jumla yake ni karati 1,055.9, yaani theluthi moja ya ghafi. Vikaongezeka vidogo 96.

#31 Bi_Zumaridi

Na Asscher walilipwa kwa mawe. Mbili kubwa zilirudi kwa mfalme, nyingine zikabaki kwao kama ujira. Edward akanunua ya sita kwa ajili ya Malkia Alexandra. Zilizobaki kubwa serikali ya Afrika Kusini ilizinunua ikampa Malkia Mary 1910. Cullinan III ya karati 94.4 na IV ya 63.6 zimeunganishwa bruchi moja, na Elizabeth aliziita "vipande vya Bibi". Vipande! Karati 158.

Mwaka 2023 Camilla alivikwa taji la Malkia Mary likiwa na III, IV na V. Koh-i-Noor ikaachwa kabatini. Wanajua moto uko wapi.

#32 Msafiri_Nairobi

Niaje wakuu. Mmesahau upande wa huku. Elizabeth alikuwa Kenya 6 Februari 1952 babake alipofariki. Alipotua London kesho yake, kwenye nguo nyeusi alivaa bruchi ya ua la mwali-moto, platinamu na almasi. Hiyo alipewa 1947 alipofikisha miaka 21, imechangwa na watoto wa shule 42,000 wa Rhodesia Kusini. Kwa hiyo mwaka huohuo wa 1947: Rhodesia bruchi, Afrika Kusini mkufu wa almasi 21, Tanganyika jiwe la pinki.

#33 Kito_Ghafi

Sahihi. Ule mkufu wa 21 baadaye ulipunguzwa ukabaki na 15, sita zikawa bangili. Mikufu mirefu ya almasi kubwa inakaa vibaya shingoni: kila kiungo kinazunguka, mawe yanageukia ndani. Ukiifupisha inatulia.

#34 mtu_wa_pembeni

Kwa kuwa tuko 1947, si ndiyo siku taji lilivunjika asubuhi ya harusi?

#35 Jicho_la_Sonara

Ndiyo, 20 Novemba 1947. Ni ile tiara (taji dogo la kichwani) ya miali ya Malkia Mary. Fremu ilikatika wakati anavishwa. Ikapelekwa haraka karakana ya Garrard kwa kusindikizwa na polisi, ikaungwa, ikarudi. Kwenye picha za siku ile utaona mwanya karibu na katikati, mwali mmoja umeegemea.

Sababu? Ina vijiti 47 vyenye upana tofauti, na imetengenezwa iweze kufunguliwa kutoka kwenye fremu ivaliwe kama mkufu. Chochote kinachofunguka kina bawaba na skrubu, na hapo ndipo chuma huchoka.

#36 Pwani_Mchana

Hiyo ni tiara ya George III ya mwaka 1830, usiipe umri wa ujana.

#37 Bi_Zumaridi

Hapana, hizo ni mbili. Ya George III ni nyingine na inafanana. Iliyovunjika ilitengenezwa na Garrard 1919 kutoka almasi ambazo Victoria alimpa Mary kwenye harusi ya 1893. Ndiyo hiyohiyo waliyovaa kwenye harusi zao binti wa Elizabeth, Anne, 1973 na mjukuu wake Beatrice 2020. Na mimi sikubaliani na bawaba, Fundi. Kichwa. Tiara inatengenezwa kwa mkunjo wa kichwa cha mtu mmoja. Hii ilikuwa ya Mary, ikaenda kwa mama, sasa inabanwa kwenye kichwa cha tatu. Ukilazimisha fremu ngumu ifunguke, inakatika katikati, na ilikatika katikati.

#38 Jicho_la_Sonara

Hoja ina uzito. Ila fremu ya platinamu au dhahabu inapinda kabla ya kukatika, hasa mkunjo mdogo vile. Kukatika ghafla ni dalili ya mahali palipowahi kuungwa.

#39 Msafiri_Nairobi

Na ile yenye miduara inayobadilishwa lulu na zumaridi, inafanyaje kazi?

#40 Jicho_la_Sonara

Tiara ya Vladimir. Miduara 15 iliyopishana, kila mmoja una ndoano ndogo juu. Lulu au zumaridi ina kikofia na kijitundu, unaning'iniza, unabana. Awali ilikuwa ya Maria Pavlovna wa Urusi. Mapinduzi ya 1917 yakaikuta kwenye kasiki ya jumba lake, Mwingereza Bertie Stopford akaitoa akiwa amevaa kama kibarua. Malkia Mary akainunua 1921 kwa binti wa marehemu kwa pauni 28,000. Zumaridi za Urusi zilishakwenda kwa mtoto mwingine, ndiyo maana akaingiza zile za bahati nasibu za Bi_Zumaridi.

Kusafisha vitu hivi hakuna dawa moja. Almasi peke yake: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, tone la amonia, brashi laini kwa nyuma, kwa sababu uchafu hukaa chini ya jiwe si juu. Almasi inavuta mafuta ya ngozi, ileile tabia aliyosema Geo kwenye meza ya grisi. Zumaridi usiipeleke kwenye mashine ya mtikisiko wala maji ya moto. Nyufa zake huwa zimejazwa mafuta, yakitoka jiwe linapauka. Lulu ni kitambaa chenye unyevu tu, amonia inaila. Kwa hiyo tiara ya Vladimir lazima uivue matone yote kwanza.

#41 Mama_Ntilie_wa_Vito

Na ile ya kwamba wanasafisha kwa pombe ni chai?

#42 Bi_Zumaridi

Si chai. Mvalishaji wake, Angela Kelly, ndiye alisema: jini kidogo na maji. Kemia yake iko sawa, pombe inayeyusha mafuta na inakauka bila doa. Ila kwa lulu, usithubutu.

#43 Ngokolo_Line

Nashukuru wote. Nimeuliza matatu, nimejibiwa kumi na mawili. Bado nina moja kwa Mwanasheria: ukisema "wengi wanaiweka" fungu la mali binafsi, mbona 2012 ilioneshwa Buckingham Palace, kwenye maonesho ya almasi ya jubilei, pamoja na vitu vya Mkusanyo wa Kifalme, ambavyo mtawala huvishika kwa niaba ya taifa?

#44 Mwanasheria_Mstaafu

Kuonesha si kumiliki. Mtu anaweza kuazima kitu chake mwenyewe kwa taasisi anayoisimamia. Ndipo ugumu ulipo: mwazimaji, mwazimwaji na msimamizi ni mtu yuleyule kwa kofia tatu.

#45 Haki_ya_Ardhi

Basi tukidai, barua tumwandikie nani?

#46 Pwani_Mchana

Andika nakala tatu. Mimi nachangia stempu, lakini barua iombe na ile pinki ndogo.

#47 Jicho_la_Sonara

Hakuna pinki ndogo!